Kuhusu Karai Moja na Kamba Sita Wanaoyeyuka

Bhabatosh Sanyal,
Mkuu wa Stesheni (Mstaafu),
Mtaa wa Bwawani, Chandannagar.

Kwa Mhariri wa Ukurasa wa Jikoni.

Ndugu Mhariri,

Salamu nyingi kwako na kwa wote mlio hapo ofisini, hususan wale ambao bado wanakula chakula cha jioni kwa utulivu. Mimi si mtu wa kulalamika-lalamika. Tangu nistaafu nimeandika barua kumi na sita tu, na zote zilihusu mtaro ulio mbele ya nyumba yangu, ambao hadi leo haujazibuliwa. Hii ya kumi na saba naiandika kwa uchungu zaidi, kwa kuwa safari hii balaa limeshavuka kizingiti, liko ndani.

Kisa chenyewe ni hiki. Miezi miwili iliyopita Bidisha, mke wa mwanangu Sumantra, alikata kipande cha ukurasa wenu wa Jumatatu, ile safu ya Bibi Sulagna inayoitwa "Karai Moja, Dakika Ishirini", akakibandika ukutani juu ya jiko. Mapishi yalikuwa ya kamba na mumunye. Bidisha anafanya kazi benki huko Kolkata na hurudi kwa treni ya jioni, akifika mlangoni saa moja na dakika ishirini na tano. Zamani alikuwa akifika hoi, anakaa kwenye ngazi dakika kumi kabla ya kuvua viatu. Sasa anaingia akiimba. Anakaza ncha ya sari kiunoni, anawasha jiko, na kabla sijamaliza kusoma matangazo ya vifo katika gazeti lenu, chakula kiko mezani. Kila Jumatano na Ijumaa mambo ni hayo hayo.

Naomba kuwasilisha malalamiko yangu kwa namba, kama tulivyofundishwa kazini.

1. Muda.

Nimefanya kazi ya reli miaka thelathini na mitatu, kwa hiyo nikizungumzia dakika naomba nisikilizwe. Bibi Sulagna ameandika ishirini. Nimempima Bidisha kwa saa yangu ya kazini, nikiwa nimesimama mlangoni mwa jiko: kumi na nane. Treni ikifika dakika mbili kabla ya wakati wake, Ndugu Mhariri, huo si ufanisi, hiyo ni ajali inayotafuta mahali pa kutokea.

Tena chakula chetu cha jioni kilikuwa kikichukua saa nzima na nusu, na katika muda huo mimi na Sumantra tulikuwa tukigombana vizuri kabisa: siasa wakati wa dengu, mpira wakati wa mboga, na uvivu wake wa kuziba paa wakati wa samaki. Sasa tunakula, tunanawa, basi. Wiki ya tatu hii hatujagombana. Juzi mwanangu aliniuliza nimelalaje, nikaingiwa na hofu. Na huo muda uliookolewa unatumika vibaya. Bidisha anakaa kibarazani na dada yangu, miguu juu ya kiti, anamsomea gazeti lenu kwa sauti, na wakati huo vyombo vya kuosha ni karai moja na sahani nne.

2. Mpangilio.

Kila aliyelelewa anajua kwamba mlo huanza na kitu kichungu, karela au majani ya mwarobaini yaliyokaangwa na bilinganya. Kisha dengu, kisha vya kukaanga, kisha mboga, kisha samaki, kisha chatini ya nyanya na tende, kisha kitu kitamu. Kila kimoja kina zamu yake. Siku ya kwanza Bidisha aliponiwekea kamba, mumunye, njegere na pilipili mbichi, vyote pamoja, mkono wangu ulibaki juu ya wali nisijue nianzie wapi. Nikamwuliza, "Mwanangu, mwanzo uko wapi hapa?" Akasema, "Baba, anzia popote tu, utafika." Miaka thelathini na mitatu ya reli, halafu naambiwa nianzie popote.

Naongeza hapa suala la tumbo. Kwa miaka ishirini na mmoja nilikuwa na kiungulia cha kuaminika. Kila asubuhi saa tatu nilikuwa nakwenda dukani kwa Haradhan, muuza dawa, nachukua chupa yangu, tunazungumza kuhusu tumbo langu na goti lake mpaka saa nne na nusu. Tangu mapishi yenu yaingie, kiungulia kimekwisha. Nikakaa siku tisa bila kwenda dukani. Siku ya kumi Haradhan alikuja nyumbani mwenyewe, uso umemshuka, kuuliza nilikufa lini na kwa nini hakuambiwa. Mimi ndiye niliyemfungulia mlango. Gazeti lenu limemnyang'anya mtu mgonjwa wake, na limemnyang'anya mgonjwa rafiki yake, wala hamkutoa hata taarifa.

3. Jina la mnyama.

Bibi Sulagna ameandika, nanukuu, "samaki huyu mtamu". Samaki gani? Kamba si samaki. Hana mapezi ya maana, hana miiba, miguu anayo tele, na macho yamemtoka kama abiria aliyekamatwa hana tiketi. Sisi asili yetu ni ng'ambo ya mto Padma, upande wa mashariki. Baba yetu alivuka na mabegi mawili, watoto, na ujuzi wa kumtambua hilsa mzuri kwa kumtazama shavu. Kwetu sisi samaki ni hilsa. Kamba ni mdudu wa majini, na nimelisema hili kwa miaka hamsini, kwenye harusi, kwenye mpira, na mbele ya ukoo mzima wa Bidisha, ambao ni watu wa upande huu wa magharibi na mahaba yao kwa kamba hayana mfano. Siku ya posa baba yake aliniletea kamba wakubwa, kila mmoja sawa na mkono wa mtoto. Nikamwambia, "Bwana, ahsante kwa wadudu." Tulicheka sote, ingawa yeye alichelewa kidogo kuanza.

Mtu akitaka kujua, nawala kwa sababu ya adabu tu. Nisiwale, mkwe wangu atajisikiaje?

Naomba gazeti lichape masahihisho kwa herufi nzito: KAMBA SI SAMAKI, NI MDUDU WA MAJINI. Katika hili sirudi nyuma hata hatua moja, na niko tayari kutia saini mbele ya hakimu.

4. Sukari.

Kijiko kizima, kwenye mboga yenye chumvi. Hiyo ni tabia ya kwao Bidisha, nami nilidhani ndoa ingeiponya. Sasa imechapishwa gazetini na imekuwa sheria. Sina la kuongeza, presha itanipanda.

5. Karai la dada yangu.

Hapa, Ndugu Mhariri, weka kikombe chini usome vizuri, maana hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Dada yangu mkubwa, Niharkana, alifiwa na mumewe akiwa na miaka thelathini na minne. Leo ana sabini na tatu, na muda wote huo amekaa kwangu. Kwa desturi yetu mjane wa nyumba yenye heshima hali samaki, hali nyama, wala hagusi kitunguu. Najua siku hizi wapo waliokwisha kuliacha jambo hilo, na siwasemi. Dada yangu hakuliacha. Siku ya kumaliza matanga, ukoo uliporudi kula samaki kwa mara ya kwanza, mtu asiyefikiri alimwekea na yeye sahani. Mimi ndiye niliyeiondoa. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, watu wamejaa chumba kizima, nikainyanyua kwa mkono wangu mwenyewe ili asipate tabu ya kuamua. Hakusema neno. Tangu hapo nimemheshimu kuliko mtu yeyote duniani.

Na ni yeye huyo huyo aliyekuwa akitupikia samaki sisi wengine. Miaka thelathini na tisa amekaanga, ameunga, amechemsha, bila kuonja hata mchuzi, na chumvi haijawahi kuzidi. Chumvi anaijua kwa kunusa, na kuiva anakujua kwa sikio. Chakula chake mwenyewe alikuwa akikipika kwanza, kabla samaki hajaingia jikoni, katika karai lake dogo la chuma lenye masikio mawili, ambalo halikuwahi kukutana na kiumbe yeyote mwenye macho.

Sasa, Jumatano moja karai kubwa lilikuwa limeunguliwa na maziwa. Bidisha, akikimbizana na zile dakika zenu ishirini, akachukua lililokuwa karibu. Nilipofika mlangoni na saa yangu mkononi, wadudu walikuwa tayari wanarukaruka ndani ya karai la dada. Nilipiga kelele mpaka jirani akazima redio. Bidisha akashika kichwa, "Jamani, shangazi, nisamehe, sikuangalia." Na dada, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda chake pembeni ya jiko, akasema tu, "Punguza moto, mwanangu, watakauka." Ni mshtuko ule, nadhani, ulimwingia kichwani.

Nilimwambia tulisugue karai kwa majivu na ukwaju, tulioshe kwa maji ya mto mtakatifu wa Ganga siku saba, au tulitupe. Majivu nilikwenda kuyaomba mwenyewe kwa muuza chai wa kona; yako chini ya sinki. Dada akakataa. "Chuma ni chuma, Khoka," akaniambia. Khoka ndilo jina langu la utotoni, na aliyebaki wa kuniita hivyo ni yeye peke yake. Tangu siku hiyo karai kubwa limepandishwa juu ya kabati, na hilo dogo ndilo linalopikiwa kila kitu. Nikimwuliza, "Sasa wewe unakula nini?" ananijibu, "Nakula kilichopo." Uvumilivu wa namna hii hamtauona tena.

Yeye hula jikoni kabla yetu, kama desturi inavyotaka, na Bidisha humhudumia. Siku nyingine nawasikia wakikohoa humo ndani wote wawili, wanatoka macho yamejaa machozi. Ni ule moshi wa pilipili. Na kila jioni dada anasogeza kigoda chake karibu zaidi na jiko, anachungulia karaini. Namwonea huruma. Harufu ile kwa mtu wa msimamo wake ni adhabu tupu, na anayemwadhibu ni gazeti lenu.

6. Kamba wanaoyeyuka.

Hili ni suala la kisayansi. Mapishi ya Bibi Sulagna ni ya watu wanne na yanataka kamba ishirini na wanne. Sumantra hununua ishirini na wanne. Nimewahesabu bakulini, wakiwa wabichi, kwa kidole. Wanaokula kamba katika nyumba hii ni watatu: mimi, Sumantra na Bidisha. Kwa hiyo kila mtu anastahili wanane. Tunapata sita sita. Nimewahesabu mara saba, na mara zote saba kamba sita wametoweka kati ya jiko na meza, umbali wa hatua tisa. Paka hatuna. Nilimwuliza Bidisha, akasema, "Moto mkali huo, baba." Nimelitafakari jambo hili siku nyingi kibarazani, na nimefikia uamuzi kwamba kupika haraka haraka huyeyusha robo ya kamba wote, na kwamba wasomaji wenu Bengal nzima wanaibiwa na mvuke. Kwa nini Bibi Sulagna hakutuonya?

Kwa hayo yote, naomba yafuatayo. Safu ifungwe, au angalau ibadilishwe jina iitwe "Makarai Saba, Saa Mbili". Bibi Sulagna afike hapa Chandannagar alisugue karai la dada yangu kwa mkono wake; chai tutampa, na majivu yapo. Haradhan aandikiwe barua ya pole. Masahihisho ya namba tatu yachapwe ukurasa wa mbele. Na kama yote haya hayawezekani, basi gazeti liishauri serikali iicheleweshe treni ya jioni kwa saa moja kila Jumatano na Ijumaa, ili mkwe wangu afike nyumbani amechoka kama zamani. Abiria wengine watatuelewa. Mtu wa kumwona ninamfahamu, tulianza kazi siku moja.

Nisiposema mimi, hakuna atakayesema, kwa sababu dada yangu si mtu wa kuomba kitu. Miaka yote hii hajaniomba hata kitu kimoja. Mimi ndiye mdomo wake.

Nisalimie wote hapo ofisini: mpiga chapa, mchora vibonzo, mlinzi wa getini na mama anayewaletea chai. Msalimie hata Bibi Sulagna, sina ugomvi naye wa binafsi. Wa hapa wote hawajambo, ila kama nilivyoeleza.

Wako katika utaratibu,

Bhabatosh Sanyal

Nyongeza, kwa mwandiko mwingine:

Mhariri mwanangu, mimi ni Niharkana, huyo dada. Amenipa bahasha niifunge kwa punje za wali, kama ninavyomfungia zote, maana gundi ya dukani haiamini. Zile za mtaro sikuwahi kuzisoma. Hii niliona ina jina langu, nikaisoma jikoni wakati dengu zinachemka.

Kamba hawayeyuki. Wale sita nawala mimi.

Aliyenifungulia njia ni yeye mwenyewe, kwa ile namba tatu yake. Siku ile ya karai Bidisha alilia, akasema atanunua jingine. Nikamwambia, "Usilie, mwanangu. Mimi nilikatazwa samaki na nyama. Khoka miaka hamsini anasema kamba ni mdudu. Wadudu nilikatazwa na nani?" Akanitazama, akafuta pua na ncha ya sari, akanipakulia sita, fungu la mtu wa nne. Tulicheka mpaka tukakohoa. Sasa naona yuko tayari kutia saini mbele ya hakimu. Chapeni hivyo hivyo alivyosema, kwa herufi nzito, nami nitakikata kipande nikibandike juu ya jiko pembeni ya kile cha Bibi Sulagna.

Wala msimtume Bibi wa watu kuja kusugua karai. Khoka analisugua mwenyewe kwa chapati mpaka mchuzi uishe, sisi tukiwa kibarazani, akidhani hatumsikii. Ndiyo hiyo adabu yake.

Ila mwambieni Bibi Sulagna kwamba zile dakika nne alizoandika ni nyingi kwa kamba. Mafuta yakianza kupunguza kelele, awatoe awaweke kando, awarudishe mumunye likishalainika. Miaka thelathini na tisa nimewapika kwa sikio. Sikujua kwamba nilikuwa napatia kiasi hicho.

Na sukari iachwe. Inafaa.

Jambo moja limeniuma katika barua hii, nalisema. Ameandika kwamba aliiondoa sahani ili nisipate tabu ya kuamua. Mwanangu, nilikuwa na njaa. Nilikuwa na siku kumi na tatu sijala chakula cha maana, na kwenye sahani ile palikuwa na kamba, maana marehemu mume wangu alikuwa akiwapenda. Sikuwa nimeamua lolote. Niliona Khoka anawaangalia watu kwanza ndipo anyooshe mkono, nikajua naye amelazimika mbele za watu, nikanyamaza kwa ajili yake. Tabu ya kuamua ningeiweza.

Khoka, najua gazeti unalianzia kwenye vifo, ukifika huku chai itakuwa imeshapoa. Ijumaa sitakula jikoni, nitakuja mezani. Sahani yangu niletee wewe, kwa mkono ule ule ulioiondoa. Kamba ni sita, wahesabu.